Faili la Ukurasa Mmoja

Itambulike kwa umma kwamba msikilizaji wa mazungumzo haya ni mtu mwadilifu, asiyejihusisha kamwe na mambo ya watu. Ndiyo maana, mle kwenye treni, alijifanya amelala, ufundi alioupata bwenini, ili asikie vizuri zaidi.

Pembeni yake mama mmoja msusi alikuwa akimsimulia fundi bomba mzee aliyekutana naye humo humo. Msusi alikuwa ametoka kwa wakili. Baba yake amefariki bila kuacha wosia, na sasa baba mdogo ameweka pingamizi mahakamani, anaitaka nyumba.

"Mwachie wakili apambane, binti yangu," fundi alimwambia. "Ndiyo kazi yake."

"Wakili hana neno, mzee. Leo kanionyesha faili la baba. Kumbe alishafika pale peke yake kutaka kuandika wosia! Lina ukurasa mmoja tu: jina lake, na chini kaandika, 'Nitarudi na binti yangu.' Mara tatu aliniomba nimsindikize, nikasema nina wateja. Baba mdogo achukue tu nyumba. Mimi sistahili."

"Yaani majuto ni yako, zawadi apewe yeye? Akili gani hiyo?"

"Basi kaipiganie wewe!"

Treni ikasimama. Msusi akainuka, akanitazama. "Na wewe uliyelala, mbona machozi yanakutoka?"

Nakiri, msikilizaji ni mimi. Baba ameniomba nimsindikize hospitali Jumamosi. Nimemwambia nina mtihani.

Hakuna mtihani.