Jina la Elieth Kwenye Kombe

Ndugu waombolezaji, marehemu Elieth Mshana, ambaye mdogo wake Cosmas anawasomea habari zake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Korogwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Solomon Mshana, mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, na hapo shambani alijifunza tenisi kwa kupiga mpira ukutani, kwa kuwa uwanjani waliruhusiwa wavulana tu, na tangu siku hizo hakumwamini mtu yeyote aliyemwambia asubiri zamu yake.

Alimaliza sekondari mwaka 1967, akasomea kazi ya maabara Dar es Salaam, na tarehe 8 Septemba 1973 akafunga ndoa na Bwana Dunstan Mwakalinga, wakajaliwa mabinti wawili, Lusekelo mwaka 1975 na Violet mwaka 1979, kisha mwaka 1982 wakahamia ng'ambo, mji wa Gaithersburg, ambako alifanya kazi katika maabara ya hospitali kwa miaka kumi na sita, akirudia kila kipimo mara mbili hata pale ambapo mashine haikuwa imekosea.

Wengi wenu mlimfahamu kwenye mashindano yetu ya tenisi ya kila Julai kule Germantown, na tuseme ukweli, wengine mlimwogopa, maana alibonyeza kila mpira kabla ya kuucheza, akidai, na hakukosea, kwamba wanawake walipewa mipira iliyokwisha kuchoshwa na wanaume asubuhi, walipangiwa uwanja wenye ufa saa za jua kali, na bingwa wao alipewa seti ya masufuria, ilhali bingwa wa wanaume alichongwa jina kwenye kombe. Julai 1997 aliwaongoza wanawake kumi na mmoja kuketi katikati ya uwanja namba moja tangu saa mbili asubuhi, na chai yao na vitumbua vyao, hadi mwenyekiti wa kamati, Bwana Fidelis, alipokubali kwamba kuanzia mwaka uliofuata mipira itakuwa mipya kwa wote na mabingwa wote wawili watachongwa majina kwenye kombe moja, lakini Elieth hakunyanyuka, alimtaka aandike na kutia saini mbele ya mashahidi, na karatasi ile akaihifadhi ndani ya Biblia yake.

Tarehe 11 Julai 1998, akiwa na miaka arobaini na tisa, alimshinda Jerotich wa Woodbridge seti mbili kwa moja, akaanza kungoja jina lake, na kila wiki alimpigia Bwana Fidelis simu, kwa kuwa alimshuku kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Novemba aligundulika ana saratani ya kongosho, akaomba kipimo kirudiwe mara tatu, na safari hii, inatuuma kusema, mashine haikuwa imekosea.

Bwana Fidelis alilileta kombe kando ya kitanda chake tarehe 19 Desemba, akavaa miwani, akaligeuza, akasoma: Mama Lusekelo. Sote tulimgeukia Bwana Fidelis kwa macho mabaya, naye akatoa karatasi ya jina iliyopelekwa kwa fundi wa kuchonga, na mwandiko ulikuwa wa Bwana Dunstan, ambaye tangu mtoto wa kwanza azaliwe hakuwahi kumwita mkewe jina jingine, na aliandika hivyo kwa heshima, bila hila, mtu pekee ambaye Elieth hakuwahi kumshuku. Alimgeukia mumewe, akamwita kwa jina ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Dunstan," alisema, "Mama Lusekelo hakushika raketi. Aliyecheza ni Elieth."

Bwana Dunstan alilirudisha kombe kwa fundi yeye mwenyewe, lakini Elieth alifariki Jumatano tarehe 17 Februari 1999, saa kumi alasiri, kabla halijarudi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, majirani waliotuletea chakula kwenye theluji, Jerotich aliyeshinda naye hospitali kila Jumapili, na Bwana Fidelis, ambaye tunamwomba radhi.

Kombe limefika leo asubuhi, ndilo lile pale mbele lililofunikwa kanga, na tumeambiwa kila kitu kiko sawa, lakini kwa jinsi dada alivyotulea hatukukubali kuambiwa tu, hivyo kabla ya kusimama hapa Cosmas aliifunua kanga, akavaa miwani ya marehemu, akasoma herufi moja moja. Limeandikwa Elieth Mshana, 1998. Dada, tumesoma mara mbili. Sasa pumzika.