Mzee Alute Njiku: Miaka Thelathini na Miwili ya Kazi, na Mlango Nilioukosea

Leo, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, Mzee Alute Njiku anatimiza umri wa miaka sitini na kukabidhi funguo za gari la shule, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitano. Aliajiriwa Machi 1993 akiwa dereva. Haukupita mwaka kabla shule haijagundua kwamba imepata pia fundi magari, fundi pampu, fundi kengele na, siku ambazo mpishi aliugua, mtu wa kusonga ugali wa wanafunzi mia tatu.

Kwa kawaida wasifu wa namna hii huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii Mkuu wa Shule, Mwalimu Rahabu, alimuuliza Mzee Alute angependa nani amwandikie, naye akajibu, "Yule binti aliyenichorea gereji." Binti huyo ni mimi. Wenzangu walinipigia makofi mstarini. Mimi nilitamani ardhi inifiche, na sababu yake nitaieleza humu humu, kwa kuwa nikiiruka, wasifu huu hautakuwa wa kweli.

Mzee Alute alizaliwa hapa Ihanja. Alipomaliza darasa la saba alikwenda Sekenke kwenye machimbo, kama vijana wengi wa wakati ule. Dhahabu hakuipata, ila alirudi na ufundi. Pampu za kutoa maji mashimoni zilikuwa zikiharibika kila wiki, na kwa kuwa wengine waliogopa kuzifungua, alizifungua yeye, akaweka kila nati kwenye kikopo chake, akazifunga tena. Mpaka leo kila nati ina kikopo chake. Mwanafunzi anayepita karibu na karakana ya shule hufundishwa jambo moja kabla ya salamu kuisha: usisogeze kikopo.

Walimu wanasimulia safari ya Februari 2007. Mwanafunzi mmoja alizidiwa na malaria, mvua inanyesha, na gari likakatika mkanda wa feni kabla ya kufika Singida mjini. Mzee Alute aliwageukia wasichana wawili waliomsindikiza mgonjwa, akawaambia, "Nipeni tai zenu. Na ya mgonjwa pia." Alizisuka tai tatu, akazifunga penye mkanda, na gari likaenda polepole hadi hospitalini. Mgonjwa yule leo ni Mwalimu Aneth, anayetufundisha Biolojia. Husema amesamehe yote isipokuwa tai yake, maana hakurudishiwa.

Jambo jingine analojulikana nalo ni daftari la safari. Kila kilichoandikwa, Mzee Alute hukiheshimu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Kama fomu haina sahihi, gari haliondoki, hata abiria awe nani. Na kila kilichotokea njiani hukiandika kilivyo. Kwenye daftari la mwaka 2014 kuna mstari unaosema: "Gari limekwama mchangani. Mkuu wa shule na mgeni wa wilaya wamesukuma mita mia mbili. Wamesukuma vizuri." Mkuu wa wakati ule alimwomba aufute. Alijibu kwamba daftari halina raba.

Nimeanza na heshima yake kwa maandishi kwa sababu ndiyo iliyomponza kwangu.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kupanga maisha ya baada ya kustaafu. Alitaka gereji ndogo nyuma ya nyumba yake, yenye nafasi ya pikipiki mbili au tatu na gari moja, ili waendesha bodaboda wa Ihanja wasilazimike kusukuma pikipiki mbovu hadi mjini. Mwalimu Elisha wa Hisabati alikuwa akitufundisha kuchora ramani kwa kipimo, akamwambia, "Mzee, usihangaike. Nitakupa mwanafunzi wangu."

Nilikwenda na futi ya kamba na karatasi ya vipande vya miraba. Mchana mzima Mzee Alute alinifundisha mambo ambayo hayamo kitabuni. Alisema usipime gari likiwa limefungwa; fungua milango yote kwanza, ndipo upime, kwa sababu fundi hafanyi kazi kwenye gari lililofungwa. Alichuchumaa kando ya pikipiki yake na kuniambia nipime na yeye, maana anayetengeneza pikipiki anahitaji nafasi sawa na ya pikipiki. Benchi la kazi liwe la kumfika kiunoni. Oili ikae rafu ya chini, petroli isilale ndani, na shimo la kuingilia chini ya gari liwe na mbao za kulifunika, mtu asije akatumbukia. Nilichora yote, kila sentimita moja ikiwakilisha nusu mita. Nilijivuna sana.

Halafu nikauweka mlango mkubwa upande wa mashariki.

Kitabu cha maktaba kilisema mlango wa karakana uelekee jua la asubuhi, ili fundi apate mwanga bila taa. Lakini mimi ni mzaliwa wa hapa. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa kwetu hutoka mashariki, na huja na mchanga. Nyumba zetu zimeupa mgongo. Hata banda la kuku la bibi yangu limeupa mgongo. Nililijua hilo kabla sijaanza shule, ila sikudhani jambo linalojulikana na bibi yangu linaweza kuhusika na mchoro uliopigwa rula.

Nilimkabidhi ramani barazani, mbele ya darasa langu. Aliifuata kwa kidole hadi kwenye mlango, kisha akauliza taratibu, "Binti, na upepo?"

Nikamjibu, "Upepo hauchorwi, mzee."

Darasa zima lilicheka. Wapo waliolifanya jibu langu kuwa salamu ya wiki nzima. Mzee Alute hakukasirika. Aliikunja ramani, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Asante, mwalimu wangu." Nilidhani nimeshinda.

Ujenzi ulianza Machi. Baadaye fundi mwashi, Bwana Paschal, alinieleza yaliyotokea msingi ulipofika usawa wa mlango. Alimwambia mwenye nyumba, "Alute, hapa unaualika mchanga chai." Mzee Alute alimwonyesha ramani na kusema, "Fuata karatasi. Huyu mtoto amesoma kuliko mimi na wewe. Huenda kuna kitu wanakijua." Bwana Paschal aliifuata, na ukuta ukasimama wima kabisa, mahali pasipofaa.

Mwezi uliopita, shule ilipofunguliwa, Mwalimu Aneth alinituma nyumbani kwa Mzee Alute kuchukua plagi ya pikipiki yake. Nilikwenda kwa furaha, maana nilikuwa sijaiona gereji ikiwa imekamilika. Nilimkuta mkewe, Mama Anastasia, na ndoo na beleshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenye gereji. Pita uone shamba lako la mchanga. Leo tumetoa ndoo ya tatu, na jua halijafika utosini."

Nilipita. Benchi lilikuwa palepale nilipolichora, na rafu, na mbao za kufunika shimo, ila vyote vilikuwa rangi moja. Mchanga ulikuwa umejaa kwenye vikopo vya nati. Mzee Alute mwenyewe hakuwa ndani. Alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa magharibi, amepiga magoti chini na kuikinga kabureta kwa kitenge cha mkewe. Mtu aliyejenga gereji alikuwa anafanyia kazi nje yake.

Mama Anastasia aliendelea, "Mwambie na ya Innocent."

"Mama Anastasia, mwache mtoto," alisema Mzee Alute.

"Simwachi. Kama amechora, basi ajue."

Akanieleza yote. Innocent ni mwendesha bodaboda wa hapa kituoni. Alileta injini yake ifunguliwe, ikafunguliwa ndani ya gereji, siku ya upepo. Mchanga uliingia kwenye silinda. Baada ya siku nne pikipiki ilianza kutoa moshi na ringi za pistoni zikawa zimekwisha. Mzee Alute aliitengeneza upya, akasema kosa ni lake, basi. Lakini kituoni maneno yalikuwa yameshaenea: "Ukipeleka injini kwa Mzee Alute, unarudishiwa mchanga." Wakaanza kusukuma pikipiki zao kwenda mjini. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kulazwa njiani na gari alilolifunga mwenyewe, alikuwa anapoteza jina lake wiki chache kabla ya kustaafu, na gereji ndiyo kazi anayoitegemea kuanzia kesho.

Mzee Alute alinyanyuka na plagi mkononi. "Benchi umelipatia sana," alisema. "Mgongo hauniumi hata kidogo." Nilipokea plagi, nikaaga, nikaondoka. Njia nzima nililia, na sikumwomba radhi.

Nilinyamaza hivyo kwa wiki mbili, mpaka siku Mwalimu Rahabu aliponitangaza mstarini. Wasifu wa kwanza nilioandika ulisema Mzee Alute "amejenga gereji ya kisasa nyumbani kwake." Niliusoma mara mbili nikauchana. Nikaenda kwa Mwalimu Elisha, nikamweleza kila kitu, pamoja na jibu lile la barazani. Nilitegemea aniambie ni kosa dogo. Aliweka chaki chini, akasema, "Mlango tutausahihisha. Ila ulifanya mzee achekwe mbele ya watoto, na hilo kalamu yangu nyekundu hailifikii. Nenda na mdomo wako."

Nilianzia kituo cha bodaboda, nikiwa na sare, kwa sababu niliogopa kwamba nikianzia kwa Mzee Alute angenihurumia na mambo yangeishia hapo. Niliuliza Innocent ni yupi. Nikawaeleza yote, kuanzia mlango hadi jibu la barazani.

"Kumbe mchanga ni wako?" Innocent aliuliza.

"Ni wangu, kaka."

"Na yule mzee akaubeba."

"Ndiyo."

Mwenzake mmoja akadakia, "Dada, uchore na barabara basi, tuone itaelekea wapi!" Wakacheka, nami nikasimama nikachekwa, maana ilikuwa zamu yangu. Innocent hakucheka. Alipiga kofi tangi la pikipiki yake na kusema, "Mzee hakunitajia hata jina lako. Mnaufungua lini huo ukuta?"

Nilikuwa sijafikiria ukuta. Yeye ndiye aliyeufikiria kwanza.

Tangu siku hiyo mambo yamekwenda haraka, na ninyi wageni mnaosikiliza hapa mtayafahamu pamoja na Mzee Alute, maana hajaambiwa. Bwana Paschal amekagua ukuta wa magharibi wakati mwenye nyumba akiwa kanisani, akasema mlango unaweza kufunguliwa upande huo na ule wa mashariki kuzibwa, libaki dirisha dogo la juu kwa ajili ya mwanga. Kidato cha Tatu tumeomba tofali za banda la zamani la shule, na Mwalimu Rahabu ametoa kibali kilichoandikwa na kutiwa sahihi, kwa kuwa anamjua anayekwenda kukisoma. Innocent na wenzake watano wataleta toroli na maji. Mama Anastasia anafahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinipa beleshi nimalizie kuzoa, nami nikazoa.

Kwa waendesha bodaboda wote mliopo leo, na kwa yeyote aliyesikia maneno ya kituoni, nasema wazi: mkono wa Mzee Alute haukukosea. Aliufahamu upepo, aliuuliza, na mimi nilimjibu vibaya. Injini zenu zirudisheni kwake.

Mzee Alute, shikamoo. Nimeandika haya kwanza kwa sababu najua unaamini kilichoandikwa, na baada ya kusomwa nitasimama mbele yako niyaseme kwa mdomo, barazani palepale, mbele ya darasa lile lile. Naomba unisamehe kwa jibu langu. Kwa ukimya wangu wa wiki mbili naomba msamaha wake peke yake, kwa sababu huo haukutoka kitabuni.

Shule inakushukuru kwa kila mgonjwa uliyemfikisha, kila pampu uliyoiamsha, kila mtihani uliofika kwa wakati, na kwa kutuamini sisi watoto kuliko tulivyostahili. Tunakuombea ustaafu wenye afya na usingizi mnono, Mama Anastasia apumzike na ndoo, na kila injini utakayoifungua ifungwe ikiwa safi.

Na kama utaturuhusu, Jumamosi saa moja asubuhi tutakuwa mlangoni kwako. Nitakuja na rula na karatasi tupu. Utasema wewe, nami nitachora.

Jesca Simoni
Kidato cha Tatu