Historia ya Baba Faili, Mtunza Seva wa Ofisi ya Ramani

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, familia imenipa mimi mdogo wake wa kike, fundi cherehani kama wengi wenu mnavyonijua, jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yangu, na wamenionya nisome kilichoandikwa tu, nisiongeze chumvi, onyo ambalo nimelisikia na nitajitahidi kulifuata, ingawa waliolitoa wananifahamu vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi umeme na mama muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, na kwa kuwa baba alikuwa mtu wa safari za kikazi na zamu za mama hazikujulikana mwanzo wala mwisho, kaka alianza kutulea wadogo zake akiwa mwenyewe bado wa kulelewa, akatupikia, akatufunga vifungo vya mashati ya shule, na akatuchapa pia, mimi kuliko wenzangu, na sikuwa nikionewa.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi 1979, kisha akajiunga na chuo cha ufundi alikosomea umeme na elektroniki, akahitimu mwaka 1982, na kote alikopita walimu walimsifu kwa utulivu na bidii, wakalalamika kuwa hapendi kusaidiwa, sifa zote mbili ambazo hakuziacha mpaka uzeeni.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji na ramani kama fundi umeme wa jengo, mwaka 1991 akahamishiwa chumba cha kompyuta, na mwaka 1994 akapelekwa mafunzoni kusomea mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Unix, akarudi akiwa mtunza seva, kazi ambayo kwa miaka mingi sisi ndugu zake tuliielezea watu kwa kusema anashughulika na kompyuta, basi, maana tulikuwa hatuielewi hata chembe.

Kwa ambao bado hamuielewi, nimeelezwa wiki hii na wenzake nami nawaeleza kwa lugha ya cherehani, kwamba kila mchoraji wa ramani alikuwa na kompyuta yake mezani, lakini mafaili ya ramani hayakukaa humo, yalikaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa zisizozimwa zilizofungiwa katika chumba cha baridi mwisho wa ukumbi, na kaka ndiye aliyefungua njia ya mtandao ili kila meza iyaone mafaili yale kana kwamba yamo ndani yake, akaamua nani asome tu na nani aruhusiwe kuandika, na seva ikisimama meza zote zilisimama nayo, vioo vikaganda, wachoraji wakaanza kubonyeza kila kitu, naye akapita kati yao akiwaambia wasizime, kompyuta zao hazijafa, zinangoja tu. Kwa kazi hiyo wakambandika jina la Baba Faili, jina alilolalamikia kila siku na kulipenda kila siku.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na wifi yangu huyu mliyemwona, mwalimu wa hesabu asiye na mchezo, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1988 na mwana aliyezaliwa mwaka 1992, na kaka aliwapenda wanawe kwa namna ya watu wasiojua kusema, akiwatengenezea taa za kusomea, akiwapigia pasi sare zao, na akiondoka mezani chakula kikiwa bado cha moto kila simu ya ofisi ilipolia.

Na simu hiyo, jamani, ililia. Zilikuwapo seva mbili, moja ikitunza ramani na nyingine ikitunza programu na mafaili ya wafanyakazi, na mwaka 1998 kaka alizipanga hivi kwamba kila moja ikiwashwa ilitafuta kwanza mafaili ya mwenzake kabla ya kuendelea kuwaka, mpango ambao haukuwa na tatizo maadamu moja iko macho, lakini umeme ukikatika zikazimika zote mbili, basi ukirudi hii iliingoja ile na ile ikaingoja hii, kama watu wawili mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia, na hakuna aliyeingia mpaka kaka afike mwenyewe, ailazimishe moja iwake peke yake, ndipo ya pili ifuate. Umeme wetu mnaujua, sina haja ya kuusema.

Tarehe 23 Agosti 2014 binti yake aliolewa, na wakati wageni wameshaketi na kaka yuko nje na suti niliyomshonea mimi kwa mikono yangu, akijiandaa kumwingiza bintiye ukumbini, mlinzi wa ofisi alipiga simu kusema umeme umekatika na kurudi na mashine zimekwama, na haikuwa simu ya upuuzi, kwa sababu wiki ile mto ulikuwa umefurika na waokoaji walikuwa wakingojea ramani za mabondeni, hivyo kaka aliinama kwenye dirisha la gari alimokaa bi harusi, akamwambia naenda mara moja narudi, akaenda. Bi harusi alikaa ndani ya gari lile na maua yake mapajani mpaka maua yakalegea, mwishowe akaingia ameshikwa mkono na mjomba wake, na baba mtu aliporejea watu walikuwa wanakula, naye binti hakupiga kelele wala hakulia, alimwambia tu, Baba, ungeniambia nisikungoje.

Tangu siku hiyo hawakusemezana, kaka akishikilia kuwa mtoto ndiye huanza kumwamkia mzazi, binti akishikilia kuwa aliyekosea ndiye huanza, na mimi shangazi mtu nikageuzwa tarishi, nikibeba salamu ambazo hakuna aliyenituma, nikidanganya huku kwamba wa kule anakuulizia na kule kwamba wa huku anakukumbuka, uongo ambao Mungu anisamehe lakini haukuwa uongo hata kidogo. Mjukuu alizaliwa mwaka 2016, na babu yake alimjua kwa picha katika simu ya wifi, akiiomba simu hiyo kila jioni kwa kisingizio cha kutazama saa, wakati saa ilikuwa mkononi mwake.

Mwezi Januari 2019 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, akiwa amefungwa mirija mkononi hawezi kuinuka, na haikupita muda umeme ukakatika ofisini akiwa amelala pale, seva zikangojana, ofisi nzima ikakaa mikono mitupu, mpaka msaidizi wake, mama ambaye alikuwa amefanya kazi chini yake tangu 2011 bila kupewa neno la siri la seva hizo, akaja mpaka kitandani kumwuliza afanyeje.

Mama huyo ndiye aliyetusimulia, na ameniruhusu niwaambie, kwamba baada ya kuelekezwa la kufanya siku ile aliuliza jingine, akamwambia mzee, hizi mashine nani alizipanga zingojane hivi, kwa nini moja isiwake tu, itoe mafaili yake, halafu ya mwenzake iyatafute baadaye, na kaka akasema alizipanga yeye kwa kukosea, aliligundua kosa wiki ileile, na dawa yake ilikuwa kubadili mstari mmoja wa maelekezo ya mashine, lakini hakuubadili. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba ni raha kuitwa.

Nilipolisikia jambo hilo juzi nilikasirika, ndugu zangu, sitawaficha, nilizikumbuka sahani zote zile zilizopoa na suti yangu ikirudi harusini na vumbi la chumba cha mashine, na nilitaka kugombana na mtu ambaye hagombaniki tena, halafu hasira ikanitoka, kwa sababu nilimkumbuka pia mtoto yule wa nyumba ya vyumba viwili, ambaye tangu ana miaka saba kila aliyelia alimlilia yeye, na nani alimfundisha kwamba atapendwa hata asipoitwa, sisi hatukumfundisha.

Siku ileile ya hospitali kaka alimpa msaidizi wake neno la siri na kumwelekeza mstari wa kubadili, naye Jumamosi iliyofuata aliubadili, akazizima seva zote mbili kwa makusudi, akaziwasha na kukunja mikono, zikaamka zenyewe, akampigia kumweleza, na wifi anasema kaka alipokata simu ile alibaki ameishika mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha mtu mwingine, kisha akapiga nyingine. Sitasema kwamba mashine ndizo zilizomfundisha, maana angenicheka, lakini binti yake anasema maneno ya kwanza aliyoyasikia yalikuwa, mwanangu, nimeanza mimi. Kesho yake akaja, na mtoto mkononi.

Marehemu alistaafu kwa sababu za afya mwezi Juni 2019, na muda uliobaki aliutumia nyumbani, akifundishwa na mjukuu wake kuchora nyumba zenye moshi, akibishana na wifi kuhusu chumvi aliyokatazwa, na akila chakula chake kikiwa cha moto mpaka mwisho, jambo ambalo wanawe wanasema hawakuwahi kuliona.

Tarehe 11 Februari 2021, mchana, binti yake akiwa ameketi kitandani pembeni yake akimsimulia habari za kazini kwake, umeme ulikatika, feni ikasimama, ukakaa kidogo ukarudi, na kaka kwa mazoea aliinua kichwa akaitazama simu iliyokuwa mezani, akaitazama muda mrefu, haikulia, basi akakirudisha kichwa juu ya mto wake wa kulalia, akamwambia bintiye, endelea. Binti akaendelea, na kabla ya saa za jioni Mwenyezi Mungu alimchukua mja wake, mkono wake ukiwa katika mkono wa bintiye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo kwa subira yao kwa mgonjwa aliyetaka kuwarekebishia nyaya za vitanda, inawashukuru majirani ambao hawakuchoka kuja wala kuleta maji na viti, na inaishukuru ofisi yake ya zamani, hasa msaidizi wake aliyeshika nafasi yake, ambaye yuko nasi hapa tangu asubuhi, tangu asubuhi umeme umekatika mara mbili na sote tumeona, na simu yake imezimwa ndani ya mkoba, mtoto wake amelala mapajani.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake watatu na mkwe ambaye hatimaye alipeana naye mkono.

Kaka, kuanzia leo wanaokuita ni sisi tu, tutakuita sana, na tukikuita usihangaike kuinuka. Pumzika kwa amani.