Mzee Nyamaza: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kusikiliza Injini

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya utumishi, msimamizi wa karakana yetu, ambaye sote tunamwita Mzee Nyamaza, anastaafu rasmi. Nasema rasmi kwa sababu wanaomfahamu wanajua kuwa Jumatatu inayofuata atapita getini "kusalimia tu", na saa mbili baadaye kichwa chake kitakuwa chini ya boneti ya mtu.

Aliajiriwa kama fundi msaidizi wa breki, akiwa mwembamba kiasi cha kupita chini ya gari bila jeki. Wembamba huo hatunao tena. Jina alilipata mwaka wake wa pili, kwa kuwa kila injini ilipowashwa alinyoosha mkono na kupaza sauti, "Nyamazeni!", hata kama mtu alikuwa anamweleza jambo la maana. Siku ya kufungua banda letu jipya alimnyamazisha hivyo hivyo mgeni rasmi, katikati ya hotuba, kwa sababu kuna pikapu ilikuwa inapita barabarani na beringi yake inalia. Mgeni rasmi alinyamaza. Pikapu ilisimamishwa, na beringi kweli ilikuwa imekwisha.

Mafundi wengine husikiliza injini kwa bisibisi ndefu. Yeye hutumia mwiko: ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, macho yamefumbwa. Mama watoto wake aliutafuta mwiko huo jikoni wiki nzima. Alipoukuta hapa, umeloa oili, aliutazama, akamtazama mumewe, akasema basi na jioni apike nao huo huo. Rangi ya kucha nayo ilitoka nyumbani kwa njia hiyo hiyo, bila ruhusa.

Rangi hiyo inahitaji maelezo kwa wageni wetu wa leo. Ni Mzee Nyamaza aliyetuanzishia utaratibu wa kutia alama kila nati muhimu. Unakaza, unakagua, ndipo unachora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye skrubu yake. Nati ikilegea, mstari unakatika na kila mtu anaona. Kila fundi ana rangi yake, kwa hiyo hakuna ubishi kuhusu nani alikaza nini. Yake ni nyekundu. Yangu ni nyeupe, ile ya kufutia makosa ya kalamu, na wenzangu hawajaacha kunicheka kwa hilo.

Ana mapungufu yake, tusidanganyane. Mwandiko wake kwenye kadi za kazi umemtoa machozi katibu wetu zaidi ya mara moja. Kuegesha gari hajui mpaka leo. Na chai yake huinywa ikiwa imepoa kabisa, kisha hulalamika kuwa imepoa.

Lakini kuna siku moja ambayo lazima isimuliwe, naye mwenyewe hataisimulia. Ni miaka kumi na minane iliyopita. Mkunga mmoja mstaafu alikuwa na gari la kale la kijani, alilorithi kwa marehemu mumewe, na alilipenda hivi kwamba alikuwa akiliita "mkwe". Alilileta Ijumaa kwa matengenezo ya kawaida, akalichukua Jumamosi likiimba vizuri. Jumatatu asubuhi alirudi nalo likipiga kelele kama cherehani mbovu. Mlio ulikuwa umeanza ghafla tu, njiani. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akasema, "Nimewaletea mzima, mmenirudishia mgonjwa."

Kadi ya kazi ilikuwa na jina la mwandishi wa wasifu huu. Nilikuwa nimeshapewa onyo mara mbili mwaka ule, na yote mawili niliyastahili. Meneja wa wakati huo alikuwa ameniambia waziwazi kuwa la tatu halitakuwa onyo. Nyumbani mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi minane. Meneja aliusikia mlio, akaisoma kadi, akaniambia nikusanye vifaa vyangu na saa nane nifike ofisini kuchukua barua. Sikubisha, kwa sababu na mimi niliamini kosa ni langu. Mlio ule ulitoka upande wa vali, na vali za gari lile nilizirekebisha mimi, nusu yake. Zile nne za nyuma alikuwa amenisaidia Mzee Nyamaza, na hakuna aliyeweza kufikiri kwamba yeye anakosea.

Mwenyewe alikuwa na sababu zake za kukaa mbali na gari lile. Wiki ile ile alikuwa anasubiri kupandishwa cheo kuwa msimamizi, na katibu alikuwa ameshamnong'oneza kuwa barua imepigwa chapa, bado sahihi tu.

Saa ya chakula karakana ilibaki tupu. Nilikuwa kona ya mbali nikipanga spana zangu kwenye sanduku nilipomwona anafungua boneti. Aliangalia oili kwanza, ilikuwa sawa. Akawasha injini, akachomoa waya wa plagi mmoja, akaurudisha, akachomoa mwingine, mpaka nyaya zote nne. Mlio wa beringi ungepungua silinda yake ikizimwa hivyo; huu haukubadilika hata mara moja, na hapo alijua tatizo haliko chini kwenye beringi, wala si moshi unaovuja kwenye gasketi. Ni vali. Akachukua mwiko, akaanza mbele, zile nilizofanya mimi. Alisikiliza moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Akasogea nyuma. Kwenye silinda ya tatu alisimama. Alisikiliza muda mrefu sana, kisha akazima injini na kubaki ameinama pale pale.

Ninaamini alishajua kabla ya kufungua. Alifungua mfuniko wa vali, na nati ya tapeti, ile inayoshikilia nafasi ndogo kati ya vali na mkono wa chuma unaoisukuma, ilikuwa imelegea. Mstari wake ulikuwa umekatika. Ulikuwa mwekundu.

Baadaye tulielewa ilivyokuwa. Ile Ijumaa chupa yake ya rangi ilikuwa inaelekea kukauka, basi akachora nati zote nne kwa mkupuo, akipanga kuzikaza upesi, rangi ikiwa bado mbichi, ili mstari usikatike. Alikaza tatu, akaitwa getini kupokea vipuri. Aliporudi aliona alama nne nyekundu, akaziamini kama anavyoamini za kila mtu, akafunga.

Kitambaa chenye petroli kilikuwa kimening'inia mfukoni mwake. Angeufuta mstari ule kwa kidole kimoja, akakaza nati, na jambo likaishia hapo. Hakujua kuwa namwona. Badala yake alitoka mpaka kantini, akamwita meneja, akamwita mama mkunga, akawaita mafundi wote na vyakula vyao mkononi, akasema, "Njooni muone rangi ya nani."

Kukaza nati kulichukua dakika kumi. Mama mkunga aliwasha gari, likaimba, akamshika mkono Mzee Nyamaza na kumwambia kuwa katika miaka arobaini ya ukunga hajawahi kumsikia mtu akisema hivyo kabla hajaulizwa. Barua yangu ilichanwa. Ya kwake haikutiwa sahihi. Usimamizi alipewa mwingine, naye alisubiri miaka mitano mingine bila kununa na bila kunikumbusha. Alipoupata hatimaye, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka sheria tunayoifuata mpaka leo: anayekaza si yeye anayepaka. Kwa miaka kumi na mitatu ya uongozi wake magari mengi ya kale yametoka mbali kuja hapa, mengine yakipita karakana nne njiani, na tunajivunia sana hilo. Najivunia zaidi kwamba hapa kwetu mtu akikosea, hujitokeza mwenyewe.

Mzee wetu, ahsante kwa masikio yako, kwa ukali wako, kwa uvumilivu wako, na hata kwa mwandiko uliomshinda katibu. Ahsante kwa mama watoto, ambaye tunamrudishia mume akiwa mzito kuliko tulivyompokea. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na siku zenye utulivu.

Mimi binafsi nilikuwa sijawahi kukushukuru kwa Jumatatu ile. Wiki tatu baadaye mke wangu alijifungua mtoto wa kike, na baba yake alikuwa na kazi. Amesoma kwa kazi hiyo, na mwezi ujao anaanza chuo. Kisa chote nimemsimulia juzi, na ameomba kuja. Yuko safu ya tatu, mwenye gauni la bluu. Simama kidogo, Mzee, akuone.