Baba Yuko Kisimani

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mama, ni mimi. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Namba gani tena hii? Nilidhani ni wale wa kuniambia nimeshinda pikipiki.

FUNDI: Simu yangu imezama kwenye oili. Nimeazima ya bosi, na salio lenyewe la kuhesabu. Haya, nitembeze.

MAMA: Si uko gereji?

FUNDI: Nimekalia tairi, nakunywa chai. Pikipiki za watu zitasubiri. Wiki nzima nanusa petroli tu, nataka kuona nyumbani. Anza getini kama kawaida yetu.

MAMA: Haya, getini. Uzio umechanua wote, hata ule upande uliosema umekufa. Wifi yako kafua kabla hajaenda kliniki, kaanika juu yake vinguo vya mtoto, vidogovidogo, vimepangana, we acha tu. Kuna soksi moja ya manjano, mwenzake sijui yuko wapi. Nimesimama nikaitazama mpaka nikajicheka.

FUNDI: (anacheka) Endelea.

MAMA: Uwanjani. Baba yako kafagia mwenyewe, kwa ile mistari yake. Kuku wenyewe wanaona haya kupita.

FUNDI: Baba kafagia? Kapatwa na nini?

MAMA: Furaha. Leo wanakausha kisima wachimbe zaidi, maji yamekuwa tope tupu. Yeye yuko chini, mdogo wako Twiga yuko juu anavuta ndoo. Na pampu ndiyo — ngoja, usinirukishe. Kisima ni mwisho. Bado tuko uwanjani.

FUNDI: Sawa, mwenye nyumba.

MAMA: Kwenye ngazi ya mlango kuna ungo wa maharage, na mimi nimeukumbatia nachambua. Jua linanipiga miguuni tu, hapo hapo panapotakiwa. Na baba yako anaimba humo chini. Sauti ikitoka kisimani inakuwa nene, utasema kijana. Anaimba ule wimbo alionichumbia nao, na mpaka leo anaukosea mahali palepale. Nimeona raha, mwanangu, nisikufiche. Nimekaa hapa nikaona sina kingine ninachotaka.

FUNDI: Hebu geuza simu nimsikie.

MAMA: Sasa hivi kanyamaza. Pumzi zimemwishia, si kijana yule.

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: Mama, huo mngurumo wa nini?

MAMA: Mtandao huo.

FUNDI: Si mtandao. Ni injini, inanguruma kwa mbali.

MAMA: Aa, pampu hiyo. Tumeazima kwa jirani. Tukitoka jikoni nitakufiki—

FUNDI: Mbona inasikika kama imefunikwa? Iko wapi?

MAMA: Si nimesema usinirukishe? Hata jikoni hatujaingia.

FUNDI: Mama. Pampu iko wapi?

MAMA: Humo humo kisimani. Mpira wake wa kuvutia mfupi, haukufika kwenye maji. Twiga akataka warudishe, baba yako akasema ya nini, akapachika mbao ukutani, wakaishusha kwa kamba. Iko naye bega kwa bega. Ana akili mzee huyu.

[Kikombe kinawekwa chini.]

MAMA: Haloo? Umepotea?

FUNDI: Nipo. Kanyamaza tangu saa ngapi?

MAMA: Sasa mimi natazama saa na maharage? Muda kidogo. Alipanda kunywa chai, akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni kelele zake hizo, akacheka, akarudi. Hata vyura wamepanda na ndoo wamelegea kama walevi, Twiga kacheka mpaka—

FUNDI: Mama, simama. Weka ungo chini, nenda kisimani. Usikate simu.

MAMA: Unanitisha.

FUNDI: Ni moshi wa injini. Hapa gereji hatuwashi pikipiki milango ikiwa imefungwa, na hapa kuna madirisha. Ule unamlaza mtu hivihivi, hajui hata kwamba analala. Umefika?

MAMA: Nafika. Twiga anamwita baba yake. Anavua viatu.

FUNDI: Viatu vya nini?

MAMA: Anasema mzee kaegemea ukuta, kasinzia. Anashuka kumwamsha.

FUNDI: Asishuke.

MAMA: Anamwamsha tu na kuizi—

FUNDI: Asishuke, Mama. Atalala naye hukohuko. Mshike.

MAMA: Twiga, dada yako anasema — Twiga. Ana mguu mmoja ndani.

FUNDI: Mshike shati, mshike nywele, popote. Mkalie ikibidi.

[Vishindo. Mtandao unakwaruza.]

MAMA: Nimemshika. Ananisukuma, mwanangu. Anasema baba yake anakufa na mimi ndiye namzuia.

FUNDI: Kamba ya pampu iko juu?

MAMA: Imefungwa kwenye mti.

FUNDI: Aivute hiyo. Pampu itoke kwanza.

MAMA: Vuta, dada yako kasema vuta. Nakusaidia. Inapanda. Inapanda... imetoka. Kaizima.

FUNDI: Na Baba, ana kamba kiunoni?

MAMA: Alikuwa nayo. Alisema inamkwaruza. Twiga kaivuta sasa hivi, imekuja tupu.

FUNDI: Sawa. Sawa. Piga yowe majirani waje, na kamba. Mwenzangu hapa anawapigia zimamoto. Fungeni matawi yenye majani kwenye kamba, myashushe na kuyapandisha, hewa izunguke. Ila mtu asiingie.

MAMA: Jamani, majirani, tunakufa huku!

[Anaita tena, mbali na simu.]

MAMA: Wanakuja. Nawaona kule bondeni, wadogo. Twiga anataka kushuka tena, anasema pampu si imetoka.

FUNDI: Imetoka, moshi umebaki. Usimwachie.

MAMA: Nimemlalia juu. Analia, mtu mzima mwenye mtoto wake. Anasema hatanisamehe.

FUNDI: Asikusamehe. Usimwachie tu.

MAMA: Ni mume wangu mule ndani, wewe.

FUNDI: Najua, Mama.

MAMA: Naiona kofia yake. Naona kofia tu. Haitikisiki.

[Mtandao unakwaruza.]

MAMA: Niende mimi. Mimi nimeshakula chumvi yangu. Huyu ana mtoto.

FUNDI: Ukiinuka tu, Twiga anashuka. Nisikilize. Ukiinuka, nawakosa wote watatu.

MAMA: Unajua unaniambia nini?

FUNDI: Najua. Najua, Mama. Nisamehe.

[Mlio mfupi kwenye simu.]

MAMA: Nini hicho?

FUNDI: Salio. Usikate, bado lipo. Wamefika wapi?

MAMA: Kwenye mahindi. Mmoja kaanguka na kamba, kainuka. Namwita baba yako, sauti haitoki tena. Ongea naye wewe. Nimenyoosha mkono, simu iko kwenye mdomo wa kisima. Ongea naye, wewe anakusikiliza.

FUNDI: Baba. Ni mimi, fundi wako.

[Mwangwi.]

FUNDI: Shikamoo, Baba.

[Kimya.]

MAMA: Sema tena, mwanangu. Kwa nguvu.

FUNDI: Shikamoo, Baba.

[Mlio mfupi. Mwingine.]

MAMA: Tena. Hajawahi kuacha kukuitikia huyu, hajawa—

[Simu inakatika.]