Teresia Mghoi, Mtunza Wadiria wa London

"Nyanya, kwani kugeuzwa ndege si adhabu?"

Daisy alikuwa na miaka saba alipomwuliza hivyo nyanya yake, Mama Teresia Mghoi, katikati ya hadithi ya Wagiriki: Keiksi amezama baharini, mkewe Alikione amejitupa majini amfuate, na miungu imewageuza wadiria, wale ndege wenye midomo mirefu. Nyanya alicheka tu. "Kula kwanza. Maswali yako hayaishi!"

Mama Teresia alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Wundanyi, Taita, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba. Mwaka 1974 aliolewa na Naftali Mwakio, fundi wa reli, na mwaka 1978 akamfuata London. Walikaa Lewisham, wakajaliwa Bonface na Wakesho.

Alianza kazi kama mfagiaji katika jumba la makumbusho ya wanyama. Siku moja mwaka 1986 alikuta droo ya ndege waliokaushwa iko wazi, akamwita msimamizi, Bwana Balbir.

"Mdiria huyu si wa droo hii. Mmemweka kwenye jamii iliyopewa jina la Keiksi, naye ni wa jamii ya Alikione."

"Mama, ndege umesomea wapi?"

"Kusomea! Huyu alikuwa akikaa juu ya ua wa mama yangu, anakula panzi."

Wakampima mdomo na mabawa. Mama alikuwa sahihi! Kule lebo ya zamani haitupwi hata ikiwa na kosa. Mpya hufungwa kando yake, na jina la aliyesahihisha. Hadi leo mguu wa ndege yule una lebo iliyoandikwa T. Mghoi. Akakabidhiwa ufunguo wa stoo ya ndege, akakaa nao hadi alipostaafu mwaka 2016.

Naftali alifariki mwaka 2019, akazikwa hapa Lewisham. Mama alipoanza kuugua figo mwaka 2023, kaka yake, Mzee Mwandoe, alipiga simu kila Jumapili kutoka Wundanyi.

"Teresia, mtu wa kwetu hazikwi ugenini. Watu watasemaje?"

"Waambie nina bwana huku."

Alituaga tarehe 9 Februari 2025. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na Mzee Mwandoe, aliyesafiri kuja kumzika na amesimama hapa kaburini. Mungu amlaze pema, ubavuni mwa Naftali wake.

Mwezi mmoja kabla, hospitalini, Daisy alimwuliza kama haogopi kulala mbali na kwao. Nyanya akamshika mkono.

"Ulishaniuliza hilo ukiwa mdogo, kwenye hadithi ya wadiria. Adhabu ni kugeuzwa peke yako, mjukuu wangu. Wale waligeuzwa wawili."