Risala Kuhusu Jibu la Hulda

Mgeni rasmi, kamwene, ndiyo salamu yetu ya huku. Baridi ya Makambako imekupokea kabla yetu. Tuwie radhi, na karibu sana. Nasoma mimi, Sadock, kwa niaba ya wenzangu.

TULIKOTOKA

Sisi ni wagonjwa wa saratani ya damu kutoka Njombe na Makambako. Saratani yetu huanza vinasaba viwili vinapokatika na kuungana pasipostahili. Kabla ya mashine ya kupima damu unayoizindua hapa leo, tulikuwa tukipanda basi hadi Dar es Salaam kupimwa muungano huo. Ukitutazama, sisi ni wazima, viazi tunalima. Majirani wakituona tunameza vidonge kila siku, husogea pembeni. Tumebaki sisi kwa sisi.

MAFANIKIO

Katika majaribio, mashine imetoa majibu siku hiyohiyo. Asanteni, tena asanteni.

CHANGAMOTO

Mwenzetu Hulda wa kijiji cha Yakobi alikuwa ameanzishiwa dawa kwa kushukiwa tu. Mashine ikampima, ikasema "hakuna". Tulipiga vigelegele! Alitoa shukrani kanisani, jogoo wake wa sadaka akapigwa mnada hadi mchungaji akacheka. Dawa zikasimamishwa, nasi tukamuaga kwenye kikundi, maana si mgonjwa.

Lakini bandama yake inazidi kuvimba. Daktari wetu ametueleza kwamba mashine hutafuta miungano iliyozoeleka tu. Ipo mingine isiyoiona. Kumbe "hakuna" yake maana yake ni "sikuona". Leo Hulda anaumwa bila wagonjwa wenzake, na wazima wanadhani anadeka. Inatuuma sana.

MAOMBI

Kinyozi hajinyoi. Tunaomba majibu ya mashine hii yalinganishwe na ya maabara kubwa, ijulikane ni wagonjwa wangapi inashindwa kuwaona, na asiachishwe mtu dawa kwa neno lake peke yake.

Pili, damu ya Hulda imetolewa asubuhi hii, iko kwenye kisanduku cha barafu. Haikai sana kabla ya kuharibika, na mabasi yanakataa kuibeba. Gari lako linarudi Dar leo. Tunakuomba isafiri nawe, ipimwe kwa kipimo kipana zaidi.

La mwisho ni dogo. Hulda ni yule mwenye kitenge cha bluu, aliyekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Ukimpa mkono, tafadhali usimwambie hongera. Mwambie pole. Tangu jibu lile litoke, hajapewa pole na mtu.

Mungu akuvushe mteremko wa Kitonga salama, wewe na ulichokibeba.

Ni sisi, Kikundi cha Tupone Pamoja, Hulda akiwemo.